Sista Tujibu: Kikiharibika Kitu Wodini, Nani Anaulizwa?

Safari hii maswali karibu yote yametoka kwa wauguzi wenyewe, na nikiyasoma kwa pamoja naona hofu ni moja tu, kwamba siku likitokea la kutokea nitabaki peke yangu. Nimechagua machache, marefu nimeyapunguza, na majina ya hospitali nimeyatoa yote.

Shikamoo Sista. Mimi ni inchaji wa wodi ya upasuaji wanaume, hospitali ya wilaya. Usiku mmoja nikiwa nyumbani mgonjwa aliyetoka operesheni alianguka kitandani akavunjika nyonga. Zamu ile ilikuwa na nesi mmoja na mhudumu mmoja, wagonjwa thelathini na kitu. Sasa nimepewa barua ya kujieleza. Sikuwepo, mimi nahusikaje? (Inchaji, Singida)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na litakalokuuma: kusema "nilikuwa nyumbani" peke yake sio jibu, kwa sababu rosta ile uliipanga wewe na wodi ile ni yako hata saa nane za usiku. Wakikaa kukuuliza hawataanza na ulikuwa wapi, wataanza na ulikuwa unajua nini kabla, na ulipojua ulifanya nini. Ulijua zamu ya usiku ina nesi mmoja? Bila shaka ulijua. Sasa ulimwambia nani? Kama ulimwambia metroni kwenye korido mkiwa mnapishana, mwanangu hapo hujamwambia mtu, maana kesho metroni anaweza asikumbuke na wala sio kwa ubaya. Kama uliandika, hata memo ya mistari minne kwamba zamu za usiku wodi hii nesi mmoja hatoshi, naomba wa pili au tupunguze vitanda, ukaipeleka ikapokelewa na nakala ukabaki nayo, basi hiyo karatasi ndo itakayosimama na wewe leo.

Kisheria mambo haya yana milango tofauti na watu wengi wanaichanganya. Familia ikidai fidia, mara nyingi anayebanwa ni mwajiri, kwa sababu mwajiri anawajibika kwa makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Lakini leseni ni yako wewe sio ya mwajiri, na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo nguvu yake inatoka kwenye Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, linaweza kukuita wewe binafsi hata kama hospitali imeshamalizana na familia. Halafu kuna nidhamu ya kazini, hapo ndo barua yako ilipo. Na kuna jinai, ambayo ni nadra ila ipo, Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayetoa tiba kwa uzembe au bila kujali mpaka akahatarisha maisha ya mtu.

Kipimo cha uzembe mahakama zetu zimekirithi Uingereza, kesi ya Bolam ya 1957: unalinganishwa na mtu mwenye ujuzi kama wako aliyewekwa mahali kama pako, angefanyaje. Kwa hiyo kwenye barua yako usijitetee kwa hasira, eleza. Mgonjwa alitoka theatre saa ngapi, alikuwa na usingizi wa dawa kiasi gani, kitanda kilikuwa na reli au hakina, nesi alikuwa anahudumia nani muda ule, uliomba nini na lini. Na nakuomba kitu kimoja, usimtupie mzigo yule binti wa zamu. Najua ni rahisi. Lakini nesi mmoja hawezi kuwa kitanda cha pili na cha ishirini na nane kwa wakati mmoja, ukisema ni uzembe wake unafuta hoja yako mwenyewe ya upungufu, na wodi nzima itajifunza kwamba inchaji wetu sio wa kumwambia kitu. Barua ikiwa nzito usiende peke yako, mwone mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi kabla hujaipeleka.

Sista, niko wodi ya wazazi. Mama wa kifafa cha mimba alikuwa kwenye magnesium, dawa ya kuzuia degedege, muda wa dozi ulipofika nikamwona anapumua taratibu na goti halirushi. Nikampigia daktari akasema mpe, protokali ni protokali. Sikumpa. Kesho yake akaniambia mbele ya watu mimi ni nesi tu. Nilivunja sheria? (Mkunga, Kigoma)

Hukuvunja chochote. Ulifanya kazi yako na nataka wasomaji wote waelewe kwa nini.

Protokali yenyewe ndo inakukataza! Kila dozi ya kuendeleza inatolewa baada ya kuangalia mambo matatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linarusha ukiligonga, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne. Moja likikosekana unasimamisha. Magnesium inatoka mwilini kwa figo, na mama wa kifafa cha mimba figo zake mara nyingi zimeshaguswa, kwa hiyo dawa inajaa kwenye damu, inaanza kuzima goti halafu inazima pumzi. Ndo maana calcium gluconate gramu 1, dawa ya kupambana na magnesium iliyozidi, inatakiwa iwe pale pale, kwenye trei ya kifafa cha mimba, sio stoo iliyofungwa na ufunguo uko kwa mtu aliyeenda kula.

Oda ya daktari haikuvui akili. Ukitoa dawa ukijua ina madhara, kusema "niliagizwa" hakukuokoi wewe na hakumrudishi mama. Sheria inakuona mtaalamu mwenye leseni, na mtaalamu anawajibika kwa kile mkono wake umefanya. Ila kukataa kuna namna yake, na hapa wengi wanaharibu: usikae kimya tu ukaacha kutoa. Mwambie daktari kwa namba, "pumzi ni 11, goti halirushi, mkojo mililita 40 kwa saa nne, nasimamisha dozi, naomba uje." Andika kwenye faili saa uliyopiga, ulichosema na alichojibu. Asipokuja panda juu, daktari wa zamu mwingine, mganga mfawidhi, hata kama ni saa tisa usiku. Heri aamke amekasirika.

Na kwa metroni wake kama unasoma hapa: huyu mkunga kadhalilishwa mbele ya watu kwa kuokoa maisha, na ukinyamaza kesho atatoa dozi. Nenda kaongee na huyo daktari, ni kazi yako kabisa.

Nilisikia nesi wa Marekani alikosea dawa, akajiripoti mwenyewe, akafungwa jela. Sasa kwa nini niripoti kosa langu? (Hakutaja jina, Dodoma)

Hakufungwa jela, tuanzie hapo, ila hofu yako naielewa na wauguzi dunia nzima walitikisika kweli na kesi ile. Ni RaDonda Vaught wa Nashville. Desemba 2017 alitumwa kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza wasiwasi kabla ya kipimo, Versed. Kwenye kabati la dawa la kompyuta akaandika herufi mbili za mwanzo, hakuiona, akalazimisha kabati lifunguke bila oda kuhakikiwa, akatoka na vecuronium, dawa ya kupoozesha misuli yote mpaka ya kupumulia. Mgonjwa akafa. Alikiri mwanzo mpaka mwisho. Machi 2022 mahakama ikamtia hatiani, Mei akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza, na leseni alishanyang'anywa.

Mimi msimamo wangu ni kwamba kumpeleka mahakama ya jinai mtu aliyekosea bila kukusudia kunawafundisha wengine kuficha, na kosa lililofichwa linarudi kwa mgonjwa mwingine. Lakini pia lazima tuseme ukweli wote, maana kile kichupa kilikuwa na onyo la dawa ya kupoozesha, na ilikuwa unga wa kuchanganya na maji wakati Versed ni maji tayari. Zilikuwepo nafasi kadhaa za kusimama.

Wewe ripoti, tena haraka, kwa sababu mgonjwa aliyepewa dawa isiyo yake ana dakika za kuokolewa na ukificha unampokonya hizo dakika, na hapo hata kisheria unatoka kwenye kuteleza unaingia kwenye kukusudia. Lakini swali lako kubwa linaenda kwa viongozi. Inchaji unapoletewa kosa, la kwanza kuuliza ni mgonjwa yukoje, la pili ni ilikuwaje, dawa mbili zenye vichupa vinavyofanana zimewekwa shelfu moja? Nesi alikuwa anaitwa na watu watatu? Aliyeteleza unamsaidia na unarekebisha shelfu, aliyepuuza kwa makusudi unamchukulia hatua. Ukiwapiga wote fimbo moja mwezi ujao hutaletewa ripoti hata moja na utadhani wodi yako ni safi.

Sista mimi nesi wa theatre, Mombasa. Ile checklist ya upasuaji tunaijaza mgonjwa akishatoka, ili faili likae sawa. Kuna ubaya? (Theatre Nesi)

Ubaya upo mkubwa. Kwanza unaweka sahihi kwamba jambo lilifanyika wakati halikufanyika, huo ni uongo kwenye hati ya mgonjwa, na siku ya kesi sahihi ni yako.

Pili, ile karatasi inaokoa watu kweli na ushahidi wake umepita hapa hapa kwetu. Shirika la Afya Duniani lilipoijaribu walichukua hospitali 8 za miji tofauti duniani, na mmoja wa miji hiyo ilikuwa Ifakara, Tanzania, pamoja na kina London, Toronto na Manila. Matokeo yalitoka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka toka asilimia 1.5 mpaka 0.8, matatizo toka 11 mpaka 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, watu walisimama tu na kusema kwa sauti, huyu ni nani, tunampasua nini, wapi, ana aleji gani, damu ipo? Na nyie Kenya hamjasahau mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa akafunguliwa kichwa kumbe aliyetakiwa kufanyiwa ni mwingine. Lebo zilichanganywa. Waliosimamishwa kazi mara moja walikuwemo wauguzi.

Najua kinachokusumbua, surgeon ana haraka na wewe ukisema tusimame kidogo anaguna. Basi inchaji wa theatre akubaliane na mkuu wa upasuaji nje ya chumba, siku ambayo hakuna mgonjwa mezani, kwamba kisu hakitolewi mpaka nesi aseme imekamilika. Ukishakuwa utaratibu wa chumba, wewe hubishani na mtu.

Tuna grupu la WhatsApp la wodi, tunatumiana picha za vidonda kupeana ushauri. Sura hazionekani. Ni sawa? (Nesi, Morogoro)

Tatuu inaonekana, shuka lenye jina la hospitali linaonekana, na kijijini mtu anajulikana kwa kovu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na taarifa za afya humo zina ulinzi wa ziada. Omba ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi, mtumie daktari mmoja anayehusika, sio grupu la watu sitini, kisha futa kwenye simu yako. Na hali ya VVU ya mtu usiitaje kwenye grupu kabisa, ile ina sheria yake toka 2008.

Mgonjwa wetu alifariki usiku. Asubuhi nimeambiwa na mkubwa wangu nijaze vipimo vya saa nne na saa nane ambavyo havikuchukuliwa, kabla faili halijaombwa. Naogopa kukataa. (Muuguzi, nimeomba mkoa usitajwe)

Usijaze. Nakusihi kama mwanangu, usijaze hata kimoja. Vipimo ambavyo havikuchukuliwa ni upungufu wa huduma, na unaweza ukaelezeka, mlikuwa wangapi, dharura ipi ilikuwa inaendelea kitanda gani. Namba za kutunga ni kughushi na hazina maelezo. Zinajulikana pia, kwa wino, kwa mwandiko uliofanana kuanzia juu mpaka chini, kwa rosta inayoonyesha saa nane ulikuwa leba unasaidia.

Kama kuna kitu kilifanyika kweli na hakikuandikwa, andika leo kwa tarehe na saa ya leo, "nimeandika kwa kuchelewa," sahihi yako, na chochote kilichokosewa kikatwe kwa mstari mmoja kisomeke. Kisha andika kumbukumbu yako ya ulichoambiwa, na nani, saa ngapi, uiweke mbali na wodi. Huyo mkubwa mjibu kwa heshima kwamba naogopa kuandika nisichokiona, akiendelea nenda kwa mganga mfawidhi, na kama naye yumo, Baraza lipo, na Tanzania kuna sheria ya 2015 ya kulinda watoa taarifa. Usiku wa leo piga simu kwa mtu wa chama chako kabla hujarudi zamu.