Kabla hujakabidhiwa shamba la shule: maneno kwa mwalimu mpya

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa ajira. Najua una barua ya kupangiwa kituo mkononi, na pengine huko unakokwenda hujawahi kufika. Nimefundisha shule za msingi mkoani Tabora kwa miaka 26, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa mwalimu wa EK, yaani Elimu ya Kujitegemea. Nataka nikueleze niliyojifunza juu ya hizo herufi mbili kabla hujakabidhiwa jukumu lake. Utakabidhiwa. Mwalimu mgeni ndiye hupewa EK, kwa kuwa wenyeji wameshaikimbia.

Jambo la kwanza, lisome andiko lenyewe la Elimu ya Kujitegemea. Chuoni tulilikariri: lilitolewa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, mwandishi ni Mwalimu Julius Nyerere. Tukajibu mtihani, tukasahau. Mimi nililisoma lote nikiwa na miaka sita kazini, usiku mmoja, kwa taa ya chemli, na nilikaa muda mrefu nikiwa nimelifumba. Nilikuwa nimewapeleka watoto shambani miaka sita kwa jina la andiko ambalo sikulijua. Mwalimu Nyerere hakuanzia kwenye jembe. Alianza kwa kuuliza: tunawapa watoto elimu ili iwe nini? Akachambua shule tulizorithi kwa wakoloni, akaona zinamwandaa mtoto kuwa karani wa mtu mwingine, zinamtoa kijijini na kumfundisha kukidharau. Akagusa hata chuo kikuu, ambako vijana walikuwa wakioshewa vyombo na kufagiliwa vyumba na watu wengine.

Kuna hesabu mle ndani ambazo kila mwalimu wa shule ya msingi anapaswa kuzijua. Mwaka 1961 tulikuwa na watoto 490,000 katika shule za msingi, wengi wakiishia darasa la nne. Sekondari walikuwa 11,832, na kidato cha sita 176 tu. Nchi nzima! Kufikia 1967 wa msingi walikuwa wameongezeka hadi 825,000 na wa sekondari 25,000. Mtu mwingine angejisifu kwa ongezeko hilo. Yeye aliwaambia watu ukweli kwamba katika kila watoto mia wa shule ya msingi, watakaopata nafasi ya sekondari hawatazidi 13. Kwa hiyo akasema elimu ya msingi lazima ijitosheleze, imfae yule ambaye hataendelea, isiwe chumba cha kusubiria sekondari.

Leo nafasi za sekondari ni nyingi mno kuliko enzi zile, lakini hoja haijachakaa. Mwaka wangu wa pili kazini, matokeo ya la saba yalibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Msichana mmoja aliisoma orodha kwa kidole, kutoka juu hadi chini, akarudia, kisha akaondoka bila kumuaga mtu. Jumamosi nilimkuta gulioni akimsaidia mama yake kuuza karanga. Alinihudumia, akanirudishia chenji, hakuniangalia usoni. Chenji ile aliipiga kichwani kabla sijamaliza kutaja ninachotaka. Miaka saba yetu yote ilikuwa imemwachia neno moja tu la kujiita: hajachaguliwa. Nilirudi nyumbani na karanga zangu nikashindwa kuzila.

Sasa shamba. Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya hapa, na naliona likifanywa kila ninapopita. Mtoto akichelewa kuhesabiwa namba, shambani. Akipiga kelele darasani, apewe mraba wa kulima. Asipokuja na kidumu cha maji, fyekeo. Nilifanya hivyo kwa miaka, nikiandika kwenye shajara kwamba kazi za EK zimefanyika. Siku moja bibi wa mwanafunzi wangu alikuja shuleni. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa kwenye benchi la wageni, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimemlea huyu kwa jembe. Jembe ndilo lililonunua sare yake. Sasa kila nikimwambia twende shamba ananiuliza amekosa nini."

Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Tangu siku ile sijamwadhibu mtoto kwa kilimo, na nikiwa mwalimu wa zamu siruhusu. Nakuomba uanze pale nilipofika mimi kwa kuchelewa. Nakuomba pia ukatae, kwa heshima lakini ukatae, kupeleka watoto kwenye shamba la mwalimu yeyote, awe mkuu au mgeni kama wewe. Nimewahi kufundisha penye mtindo huo, na wazazi walikuwa wakijua, wananyamaza, huku imani yao kwa shule ikiisha kidogo kidogo.

Andiko linasema wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuamua juu ya mapato, ili waone kwa macho kwamba wakifanya vizuri maisha yao shuleni yanakuwa bora, na wakizembea wanaumia wenyewe. Sentensi hizo ndizo zinazorukwa. Nilipohamia kituo changu cha pili niliamua kuzifuata zilivyo. Shamba lilikuwa ekari moja na nusu nyuma ya jiko. Nilimwomba mwalimu mkuu kitu kimoja, daftari kubwa la jalada gumu. Darasa la sita wakachagua katibu na mtunza hazina. Kila kitu kikaandikwa: mbegu kilo 15, mifuko miwili ya mbolea, nauli ya kuifuata mjini, siku za palizi, nani alikuja na nani hakuja, pamoja na walimu. Jina langu limo humo, siku mbili sikufika.

Tulivuna magunia manne. Tulipokuwa kwenye asilimia katika Hisabati, nikawaambia wafunge kitabu wafungue daftari lile. Walipiga hesabu wakatulia. Kisha mtunza hazina akanyoosha mkono akasema tumepata hasara. Darasa zima likapiga kelele kwamba amekosea, wakarudia wote, ikawa ileile. Kwa miaka shule ile ilikuwa ikiripoti kata kwamba ina mradi wa kilimo, na hakuna aliyejua unakula fedha kuliko unavyoleta. Watoto wa miaka 12 ndio walioligundua, kwa kalamu.

Swali lililofuata lilikuja lenyewe: kwa nini? Wakaanza kutaja ua dogo jekundu lililojaa kati ya mistari ya mahindi. Kiduha. Kitabu cha Sayansi kilituambia ni mmea unaonyonya mizizi ya mahindi na mtama, basi. Tukaenda kwa bibi yuleyule? Hapana, huyo nilimwacha kituo cha kwanza. Lakini kila kijiji kina bibi wake. Wetu alikuja na fimbo yake, akachuchumaa, akang'oa kiduha kimoja pamoja na shina la mahindi ili watoto waone mzizi ulivyoshikana na mzizi. Akasema kisiachwe kikazaa, mbegu zake ni kama vumbi na zinakaa ardhini miaka na miaka. Akasema kinapenda ardhi iliyochoka, tulete samadi, na tuchanganye na karanga au kunde. Mtoto mmoja alikuwa akiandika kila neno. Nilimwona yule mama akimtazama mwandishi wake, akajiweka sawa kanga begani, akaanza kusema polepole ili asiachwe.

Mwalimu Nyerere analalamika ndani ya andiko lake kwamba shule inawafanya watoto waamini elimu yote imo vitabuni na kwa wenye vyeti, huku ujuzi na hekima za wazee zikidharauliwa. Nilikuwa nimelisoma hilo mara kadhaa. Nililielewa siku ile, nimesimama kwenye mahindi.

Mwaka wa tatu tulivuna magunia 11 na karanga debe sita. Mkutano wa kuamua matumizi ulichukua vipindi viwili. Wavulana walitaka mipira. Msichana wa la tano akasimama akasema sufuria la uji linavuja, na mwenye zamu ya kupika anaungua mguu kila siku. Wakapiga kura. Sufuria likashinda kwa kura tatu, wavulana wakanuna wiki nzima, na uji ukaacha kumwagika.

Nisikufiche upande mwingine wa historia yetu. Mambo makubwa yalifanyika. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, walimu wakafundisha watu wazima jioni chini ya miembe, Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukaanza. Babu zako wengi wamejua kusoma kwa sababu hiyo. Lakini pia amri kutoka juu zilikuwa nyingi. Kule Ruvuma, kijiji cha Litowa kilikuwa na shule ambayo watoto walisoma na kulima kama sehemu ya kijiji chao cha ujamaa, wakijiamulia mambo yao. Umoja wa vijiji vile, Ruvuma Development Association, ulivunjwa mwaka 1969 kwa uamuzi wa juu wa TANU. Kwa maoni yangu hapo tulijiumiza wenyewe. Kujitegemea kwa kuamrishwa ni kitu kizito kukifundisha, na shule nyingi zilibaki na jembe bila lile daftari.

Tena, uwe tayari kushika jembe mwenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, jambo linalobishaniwa mpaka leo, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alipostaafu 1985 alirudi Butiama akalima. Tabora tunamhesabu kama wetu, maana alisoma Tabora Boys na akafundisha St. Mary's hapa mjini kuanzia 1946, kabla ya kwenda Edinburgh na baadaye Pugu. Jina la Mwalimu lilitokana na chaki kwanza. Watoto wataangalia viatu vyako, mwalimu. Vikiwa na udongo watakusikiliza.

Utaniuliza juu ya mitihani. Ndiyo, utabanwa. Utapewa lengo la ufaulu, na wiki ya majaribio hakuna anayetaka kusikia habari ya shamba. Ushauri wangu ni wa kazi tu: usiweke shamba upande mmoja na masomo upande mwingine. Eneo, asilimia, faida na hasara, insha, barua rasmi ya kuomba mbegu kwa afisa kilimo wa kata, vyote vimo kwenye mtaala na vyote vimo nyuma ya jiko. Darasa lile la daftari halikufeli Hisabati. Na sasa mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, kwa hiyo mtoto wako atakutana na kazi za mikono huko mbele. Afadhali akutane nazo akiwa anazipenda.

Ukiripoti, siku zako za mwanzo omba uoneshwe shamba, hata kama ni kiangazi na hakuna kitu. Muulize mwanafunzi, usimuulize mwalimu, mwaka jana mlipanda nini, nani aliamua, na mavuno yalikwenda wapi. Akikujibu kwamba hajui, nenda dukani ununue daftari.