Kofia ya mkono niuze bei gani? Jibu kwa dada aliyeambiwa faida yake ni haramu

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi nipo Pemba, nashona kofia za viua kwa mkono. Nimeachwa na watoto watatu na baba yao haleti kitu. Kofia moja inanichukua kama miezi miwili kwa sababu nashona usiku watoto wakishalala. Kitambaa na nyuzi ni kama 12,000, nauza 120,000. Sasa kuna klipu inazunguka wasap, shekhe mmoja anasema faida ikizidi thuluthi ya mtaji ni haramu, shoga zangu wamenitumia wananambia niogope kulisha watoto haramu. La pili, ami yangu aliniagiza kofia ya harusi ya mwanawe, nikamuuliza bei akasema we shona tu mwanangu tutaelewana, nimemaliza kaichukua kanipa 30,000. La tatu kuna mtu Maskati anataka kofia mbili, mwenyewe kasema atanipa 250,000 kila moja, naogopa kupokea. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Barua yako imenikaa moyoni, na kilichoniudhi sio swali lako, ni hiyo klipu, maana mwanamke anaekesha na sindano ili wanawe wale anatiwa hofu kuwa anawalisha haramu, na anaemtia hofu hana aya wala hadithi mkononi. Nitakujibu yote matatu, lakini hili la klipu nitalirefusha kwa sababu limeshawafikia wengi.

Kwanza hiyo thuluthi imetoka wapi. Thuluthi ipo katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas radhiallahu anhu alipokuwa mgonjwa akataka kuusia mali yake, Mtume swalallahu alayhi wasallam akamwambia thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Hiyo ni wasia, haina habari ya bei. Halafu wapo wanazuoni, hasa wa Kimaliki, waliokichukua kiwango hicho wakakifanya kipimo cha kupunjwa, yani mtu asiejua bei ya soko akiuziwa kwa kuzidishiwa thuluthi juu ya bei ya soko basi ana haki ya kulalamika. Angalia vizuri, ni juu ya bei ya soko, sio juu ya mtaji, na ni kwa mnunuzi aliyepunjwa kwa kutojua. Shekhe wa kwenye klipu kachukua maneno ya watu hawa kayahamisha pasipo pake, kisha kaweka juu yake neno haramu. Neno hilo ni zito, halisemwi kwa kudhani.

Sasa sikiliza hadithi iliyo katika Sahihi Bukhari. Mtume alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Alichonunua kwa nusu dinari kakiuza kwa dinari nzima, hiyo ni faida sawa na mtaji wenyewe. Je Mtume alimkemea? Alimuombea baraka katika biashara yake! Na humo humo katika Bukhari kuna habari ya ardhi ya al-Ghaba, Zubeir bin al-Awwam aliinunua 170,000 na mwanawe Abdallah akaja kuiuza 1,600,000 kulipa madeni ya baba yake, na masahaba wapo wanaona. Mtu atasema miaka ilipita hapo katikati. Sawa ilipita, lakini kama kungekuwa na kikomo cha thuluthi miaka isingekifuta.

Na bei zilipopanda Madina watu wakamuomba Mtume awapangie bei, akakataa, akasema Allah ndie mwenye kupanga bei, mwenye kubana na kukunjua, mwenye kuruzuku, na kwamba anataraji kukutana na Allah pasiwe na mtu anaemdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hiyo kumlazimisha muuzaji bei bila haki kunaogopewa kuwa dhulma, na huyu wa klipu anaiona ndo uchamungu. Hata Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda, yani baraza la wanazuoni wa fiqhi, walipokaa Kuwait Disemba 1988 walilizungumza hili la kikomo cha faida wakasema hakuna kiwango maalumu kinachowabana wafanyabiashara, kinachokatazwa ni udanganyifu, ghushi, kupunja watu na kuhodhi bidhaa.

Lakini mwanangu hata tukiachia yote hayo, hesabu yenyewe wameikosea. Wanasema umetia 12,000 umepata 108,000. Hiyo 108,000 wanaiita faida, kwani mikono yako ni ya bure? Igawe kwa siku 60, inakuja 1,800 kwa usiku. Usiku mzima wa kutoboa kiua kimoja kimoja na kukizungushia uzi, macho yanauma, mgongo unauma, shilingi elfu moja na mia nane, halafu mtu anakaa na simu yake anasema umezidisha. Huo ni ujira wa kazi yako, na sioni hata kama humo ndani faida imeingia. Allah anatukataza katika kisa cha Nabii Shuaib tusiwapunje watu vitu vyao, na mnunuzi nae anaingia katika katazo hilo, sio muuzaji peke yake. Na katika hadithi qudsi Allah anawataja watatu ambao yeye mwenyewe ndie hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja wao ni aliyemuajiri mtu akamfanyisha kazi yake yote kisha asimpe ujira wake. Hii klipu mbona haikuitaja?

Kwa hiyo 120,000 ni halali yako, ukitaka kupandisha pandisha, mradi husemi uongo. Usiseme ya mkono wakati pana sehemu umepitisha cherehani. Kama kuna kiua kimekatika mwambie mteja kabla hajalipa. Na usiape kuwa fulani alitaka kukupa laki mbili ukakataa kama halikutokea, kiapo kama hicho kinauza bidhaa kinafuta baraka.

Ama suala la ami yako. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh zetu wa pwani wamekisomesha miaka na miaka, kalitaja suala la mtu kumpa dobi nguo aifue au fundi aishone bila kutaja ujira. Kauli aliyoitanguliza ni kwamba hana ujira, kisha akataja kauli nyengine kuwa kama anajulikana kwa kazi hiyo basi anastahiki, akasema hii nayo huenda ikaonekana nzuri, na wapo waliotoa fatwa kwa hii. Lakini suala lako ni jepesi zaidi, kwa sababu pale nguo ni ya mteja, na wewe kitambaa ni chako, nyuzi zako, mkono wako. Kofia hiyo ilikuwa mali yako mpaka mkubaliane bei, na hamkukubaliana. Uliuliza bei, kwa hiyo anajua vizuri kuwa hukumpa zawadi. Kukaa kwako kimya alipokupa 30,000 ni haya ya mtoto mbele ya ami yake, na haya sio ridhaa. Mtume kasema si halali mali ya muislamu isipokuwa kwa ridhaa ya nafsi yake, na wanazuoni wanasema kinachochukuliwa kwa kumbana mtu kwa haya hukumu yake ni ya kilichochukuliwa kwa nguvu. Ami yako anadaiwa thamani ya kofia kama inavyouzwa kwa watu, ukipunguza zile 30,000 alizokwisha kukupa.

Na nyinyi kina ami na kina shangazi mnaosoma hapa, muogopeni Allah na hii inayoitwa bei ya undugu. Mtoto wa ndugu yako kaachwa na watoto watatu, undugu ungekufanya umpe 150,000 pasipo kuombwa, vipi undugu huo huo unaufanya sababu ya kumkata 90,000? Kadi za harusi mnachapisha kwa bei ya duka, chakula mnalipa, mpiga picha mnalipa, anaepunguziwa ni huyu tu kwa sababu hawezi kusema.

Mwanangu nenda kwa ami yako na mama yako au mtu mzima anaemheshimu, mwambie kwa adabu kofia hii nauza kiasi hiki, na kama ni kumpunguzia basi mpunguzie wewe kwa moyo wako kiasi utakacho, Mtume kamuombea rehema mtu mwepesi anapouza na anaponunua na anapodai. Ukiona huwezi kudai, msamehe kweli uitie nia ya sadaka, ila usisamehe mdomoni ukaja kuihadithia kila harusi.

Na kuanzia sasa usianze kofia bila bei. Mwanamke mmoja alimletea Mtume nguo aliyoifuma kwa mkono wake akamwambia nimekufumia nikuvishe, akaipokea, hiyo ni zawadi na ilijulikana toka mwanzo kuwa ni zawadi. Nawe uwe hivo, zawadi iwe zawadi, biashara iwe biashara. Mtu akiagiza mwandikie kwenye simu mchoro upi, saizi ipi, uzi rangi gani, lini itakuwa tayari, shilingi ngapi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi njia iliyo safi ni alipe yote mwanzo pale pale mnapokubaliana, inakuwa salam, yani biashara ya kulipia kabla na kitu kuja baadae. Wengi hawataweza au hawatakuamini, na hapo nakupa fatwa uchukue rai ya kuagizia kazi, istisnaa, ambayo ni ya Mahanafi na Majmaa ya Jidda waliipitisha 1992, malipo yanaweza kuwa mafungu. Chukua nusu mwanzo na nusu siku ya kukabidhi, ila zile za mwanzo zisipungue gharama ya vifaa.

Mtu wa Maskati mpokelee bila wasiwasi. Oman wanazivaa kofia kama hizi na wanaijua kazi ya mkono, bei kaitaja mwenyewe, hukumdanganya. Na hata hiyo 250,000 ukitoa 12,000 za vifaa ukaigawa kwa siku 60 haijafika elfu nne kwa usiku.

Limebaki moja hukuniuliza nami siwezi kuliacha. Umesema baba wa watoto haleti kitu. Talaka haikumuondolea matunzo ya wanawe, ni wajibu juu yake kwa kadri ya uwezo wake. Hind alipomshitakia Mtume kuwa Abu Sufyan hampi matumizi ya kutosha, hakumwambia subiri, alimruhusu achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Usiibebeshe sindano yako mzigo wa mtu alie hai. Nenda Mahakama ya Kadhi ya wilaya yako ufungue madai ya matunzo, chukua cheti cha talaka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na umpate mtu mmoja anaejua kazi anayofanya baba yao na anapoishi akufuate.

Wallahu aalam.