Kujaza mafuta manowari ikiwa mwendoni

Umeuliza kwa nini manowari isisimame ndipo ijazwe mafuta. Meli iliyosimama haishiki usukani, na wakati wa vita ni shabaha rahisi kwa nyambizi. Kwa hiyo manowari na meli inayoileta mafuta huenda sambamba, kwa kawaida noti (maili za baharini kwa saa) 12 hadi 16, zikiachana mita 45 hivi. Meli ya mafuta hushikilia mwelekeo na mwendo; manowari ndiyo hujirekebisha. Hapo ndipo penye hatari kubwa: maji yanayobanwa katikati huenda kasi, mgandamizo hushuka, meli huvutana. Usukani urekebishwe digrii moja moja tu!

Hurushwa kamba nyembamba, ikavuta waya mzito, ndipo mpira wa mafuta (bomba linalonyumbulika) huning'inizwa. Adui akitokea, zima pampu kabla ya kuachia mpira, la sivyo mafuta humwagika sitahani.