Namba ya ubavuni haitoshi: kubadilisha tairi moja kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne

SWALI: Gari langu linavuta magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja la nyuma limechanika ubavuni. Matatu yaliyobaki yana kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara) za kina cha milimita 4. Fundi anasema ninunue moja jipya la 225/60R17 kama haya niliyonayo, kisha nipunguze upepo wake kidogo ili yalingane. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, ndugu msomaji, na hilo la kupunguza upepo linanikera kuliko yote ninayoyasikia.

Namba ya ubavuni inaeleza saizi ya tairi kabla halijatembea. Jipya huja na kashata za milimita 8 hivi, yako yamebaki na 4. Tofauti hiyo iko juu na chini, kwa hiyo kipenyo kinapishana milimita 8 na mzingo milimita 25. Kwa saizi yako, tairi lililolika litazunguka takribani mara 5 zaidi ya jipya kila kilomita. Difu ya kati (gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma), au klachi zinazofanya kazi hiyo, zinalazimika kufidia pengo hilo safari nzima, hata kwenye lami kavu iliyonyooka. Oili inachemka, sahani za klachi zinalika.

Sasa huo upepo. Chini ya kashata za tairi la radial, ndiyo ile R ya 225/60R17, kuna mikanda ya nyuzi za chuma, na mikanda hiyo haifupiki kwa sababu umetoa upepo. Tairi litabonyea ubavuni, mzingo utabaki karibu vilevile. Utakachopata ni tairi linalopata joto kupita kiasi na gari lisilotulia kwenye kona. Anayekushauri hivyo hajawahi kupima mzingo kwa futi kamba.

Kwako, nunua yote manne. Njia nyingine ni kupata tairi la aina ileile lililochongwa kwa mashine hadi kina cha wenzake, au lililotumika lenye kina hichohicho. Hapo soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya ubavuni inayoonyesha lilitengenezwa lini: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Magari mengi huvumilia tofauti ya milimita 1.5 hadi 3; kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua.

Wapo pia wanaosema "funga tu, likisumbua tutaona." Gari likianza kujizuia unapokata usukani hadi mwisho, huenda klachi zimeshaumia, na bei ya kuzitengeneza hupita ya matairi manne. Wengine huchomoa propela (shafti inayopeleka nguvu kati ya mbele na nyuma) kabisa, wakamwachia mwenye gari mfumo alioulipia bila kuutumia.

Kwa hiyo yeyote mwenye gari la namna hii, muuzaji akikuonyesha namba ya ubavuni peke yake, mwombe kipimo cha kina. Pimeni matairi yote, ndani, katikati na nje, kabla hujatoa pesa. Kisha yahamishe nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, yalike pamoja.