Niweke oda sasa hivi au nisubiri kitoke?

SWALI: Dada habari, mi ni mpenzi wa matoleo maalumu ya vitabu, yale yenye kasha lake, jalada la nguo au ngozi, na rangi kwenye kingo za kurasa. Mwaka juzi lilitangazwa toleo la riwaya ninayoipenda kuliko zote, nikasema ngoja mshahara uingie, likaisha siku ileile, leo walanguzi wanaliuza mara nne ya bei yake. Kwa uchungu ule nikaanza kuagiza kila kinachotangazwa. Sasa nina oda saba hazijafika, mbili sikumbuki hata niliagiza wapi, na kimoja kilichofika mwezi uliopita bado kipo kwenye nailoni yake maana kumbe sikukipenda kihivyo. Juzi mume wangu kaniuliza, "Hivi hivi vitabu ni vya kusoma au vya kuhesabu?" nikakosa jibu. Nijue vipi lini niwahi na lini nitulie?
Mwenye Oda Saba

JIBU: Pole mdogo wangu, na shemeji mwambie swali lake zuri ila asilirudierudie.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe kitabu kimoja kilikuponyoka, sasa kila tangazo unaliona nyoka, na kile ulichokosa ndo kimekununulia hivi saba. Kwa hiyo kabla hujagusa kadi ya benki, uliza kitu kimoja: nakala ngapi? Maneno "nakala chache" peke yake hayana maana yoyote, chache ni ngapi? Mchapishaji akisema nakala 500, kila moja imeandikwa namba kwa mkono na hazirudiwi, hapo kaka na dada zako wote wa kukusanya wapo mlangoni na inaweza kuisha kabla chai haijapoa, kama unaitaka kweli kaa tayari saa ile ile, usisubiri mshahara. Akisema "toleo maalumu" halafu kimya, hakuna namba popote, basi hajajifunga, anaweza kulichapa mpaka watu wachoke, na likiisha akalichapa tena. Hilo subiri litoke, uone picha za walioletewa, ndo ununue.

Kuna aina ya tatu ambayo ndo inawaliza wengi bure. Oda zinafunguliwa kwa wiki mbili tuseme, zikifungwa wanachapa kulingana na idadi walioagiza. Sasa hapo unakimbilia nini dakika ya kwanza? Nakala yako ipo tu. Iache, lala nayo, rudi siku ya kumi, kama bado inakuwasha agiza. Mi nusu ya tamaa zangu zimefia siku ya nne.

Na usidhani watu wakijaa ndo kitu adimu. Mwaka 2022 mwandishi Brandon Sanderson aliuza riwaya zake nne kupitia mtandao wa michango wa Kickstarter kabla hazijatoka, wakachangia watu zaidi ya 185,000, dola zaidi ya milioni 41. Kitabu kinaweza kuwa kizuri, jalada la kupendeza, na kisiwe adimu hata kidogo. Hapohapo ujue Kickstarter si duka, pale unamchangia mtu akatengeneze, akichelewa au akishindwa usishangae.

Sasa nikuambie yangu maana na mimi nimepigwa. Kuna toleo niliagiza miezi nane kabla kwa kutazama picha moja tu, ambayo baadaye ndo nikagundua haikuwa hata picha, ilichorwa kwenye kompyuta. Limefika, kasha zuri, dhahabu inang'aa mgongoni, nikalifungua katikati mgongo ukalia kwaa! Gundi tupu. Ndani maandishi yaleyale madogo ya kopi ya bei rahisi, wameongeza tu nafasi pembeni. Tangu siku hiyo mi kwanza natafuta neno "kushonwa" kwenye maelezo, silioni siagizi. Ukitaka kujua cha kushonwa, kisimamishe ukitazame juu kwa mgongoni, utaona kurasa zimekunjwa vifungu vifungu kama vijidaftari vilivyopangwa, na ukikifungua kinalala vizuri mezani. Cha gundi karatasi zimenyooka moja moja.

Sahihi nayo isome kwa makini, ni ya nani na ipo wapi. Mwaka 1935 Limited Editions Club ya Marekani ilitoa riwaya ya Ulysses ya James Joyce yenye michoro ya msanii Henri Matisse, nakala 1,500, zote zimetiwa sahihi na Matisse lakini zenye ya Joyce pia ni 250 tu. Kitabu kilekile, ila si kitu kilekile. Siku hizi wengine wanampelekea mwandishi rundo la karatasi tupu anasaini halafu zinaunganishwa ndani ya kitabu, hiyo safi, wengine wanakupa kistika chenye sahihi ukabandike mwenyewe, na bei wanataka ileile.

Haya, kipi sasa ndo cha kuagiza? Nenda kaangalie kopi yako ya kawaida. Kama imechakaa, kona zimejikunja, umeiazimisha ikarudi na doa la chai ukanuna, hicho agiza bila kuniuliza. Kitabu ambacho hujawahi kukisoma usikiagize toleo la ngozi, kisome kwanza kwenye karatasi ya kawaida au hata kwenye simu.

Zile oda saba tafuta imeli zake leo, andika kwenye daftari umeagiza lini, umeshakatwa hela au watakata siku ya kusafirisha, na anwani gani uliwapa. Hilo la kukata ndo linaua watu, oda nne zikisafirishwa mwezi mmoja utanikumbuka. Ulizosahau mpaka jina, hizo futa kama bado wanaruhusu. Kile cha kwenye nailoni kiuze kwa bei uliyonunulia, usiniletee ulanguzi hapa. Na kile cha mara nne, kiache kwanza. Bei huwa moto zaidi wiki zile vimetoka tu kufika, halafu wakati mwingine mchapishaji huja kutoa toleo la kawaida lenye michoro ileile bila namba wala sahihi, labda hilo linakutosha.

SWALI: Dada, niliagiza nakala yenye namba, imefika kona imebonyea. Nidai nyingine?
Namba 212

JIBU: Dai, tena leo leo. Piga picha boksi kwa nje, kona, na ukurasa wenye namba, uwatumie, na boksi usitupe. Wachapishaji wengi huweka nakala chache za ziada kwa ajili ya mambo haya, ila 212 yenyewe ipo moja tu, kwa hiyo wanaweza kukupa isiyo na namba au wakurudishie sehemu ya hela. Mi ningechukua hela nikabaki na kona yangu.