Homa baada ya kemo usiisingizie baridi

Dada uliyeuliza kama homa ya mama huko Tukuyu, Rungwe, ni baridi ya Julai tu, siku ya tisa tangu apewe dripu ya kemo (dawa kali za saratani): pole, ila mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kukuche. Mkifika, neno la kwanza liwe "yuko kwenye kemo".

Kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya vijidudu, nao huumia. Chembe hizo hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, kisha hupanda tena. Mama yuko katika siku hizo hizo ambazo chembe ziko chini kabisa. Joto la nyuzi 38 kwake ni dharura, hata kama hakohoi wala hana kidonda chenye usaha. Usaha wenyewe hutokana na chembe hizo hizo, na sasa ni chache. Dawa ya kushusha homa msimpe kabla hajapimwa, itaficha mambo.

Wageni wenye mafua wasalimie kwa simu. Na maziwa mabichi, hata ya ng'ombe wenu wenyewe, yachemshwe. Najua Rungwe mtanichukia kwa hilo.