RNA iko ndani ya vesikeli au imeng'ang'ania nje tu?
Ndugu, umesema umetoa vesikeli (vifuko vidogo sana vinavyotolewa na seli) kwenye seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) ukapata RNA kibao, ila hujui kama kweli ilikuwa ndani. Mi ningeanza na sampuli yenyewe, maana damu ikiganda plateleti (chembe za kugandisha damu) zinamwaga vesikeli zake humo, kwa hiyo tumia plazma (majimaji ya damu isiyoganda) ya EDTA au sitreti, dawa za kuzuia damu kuganda, ila heparini achana nayo, inazuia PCR (kipimo utakachotumia kupima RNA), halafu izungushe kwenye sentrifuji 2,500 g (mara 2,500 ya nguvu ya uvutano) dakika 15 mara mbili ili plateleti zitoke, KABLA ya kuiweka friza, hapo usiruke kabisa. Plazma ikiwa na wekundu usiitumie, seli nyekundu zimeshapasuka.

Kisha gawa mafungu matatu: moja usiliguse, la pili tia proteinezi K (kimeng'enya kinachokula protini zinazoikinga RNA iliyo nje), izime, ndo uweke ribonukliesi (kimeng'enya kinachokula RNA), la tatu hivyo hivyo ila tanguliza Triton (aina ya sabuni) ipasue utando wa vesikeli. RNA ikibaki kwenye la pili ikapotea kwenye la tatu, basi ilikuwa ndani.